Wakfu wa Misitu ya Udzungwa

Kabla milima ya Udzungwa huko Iringa haijapata wakfu wake, watu wa pwani walikwisha kuijua sheria yake tangu zamani: asili ya mali huzuiliwa isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake tu, kodi ya nyumba au nazi za shamba, ndiyo yatumiwayo kwa msikiti na mafakiri. Juu ya msingi kama huo ulisajiliwa mwaka 2001 mfuko wa kuhifadhi Milima ya Tao la Mashariki, uliopewa dola milioni 7 na Mfuko wa Mazingira wa Dunia kwa mkono wa Benki ya Dunia, na Udzungwa ikawa miongoni mwa wanufaika.

Taabu ya wadhamini ni kuchagua pa kuiweka raslimali. Soko la hisa la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1998, lilikuwa na kampuni chache mno. Na hati fungani za serikali, ingawa faida yake ni nono, hulipa kwa shilingi, ambayo thamani yake imeshuka: mwaka 2001 dola moja ilipata shilingi takriban 900, na mwaka 2020 zaidi ya 2,200. Lakini ng'ambo nako kulikuwa na msukosuko wa fedha wa 2008. Kwa rai yangu, amana ya vizazi haifai kutegemea soko moja, wala sarafu moja.

Wadhamini na wawaeleze wanavijiji wa Kilolo, wilaya iliyo kwenye milima hiyo ya Udzungwa, kila mwaka, kwa Kiswahili fasaha, raslimali imewekwa wapi na imezaa nini.