Jumapili ya tarehe 16 Februari

Wako wasemao kwamba mambo ya inchi ni ya wakubwa tu. Basi, wakumbuke mwaka 1992.

Wakati ule inchi yetu iliitwa Zaire. Tangu tarehe 7 Agosti 1991 wajumbe walikuwa wakikutana Kinshasa katika Mkutano Mkuu wa Taifa, ili kuitengeneza upya serkali. Lakini tarehe 19 Januari 1992 Nguz a Karl-i-Bond, waziri mkuu wa Mobutu, aliusimamisha.

Ndipo walei wachache walipounda kamati yao, pasipo mshahara wala cheo. Waliwaita wakristu watembee kwa amani na kudai mkutano ufunguliwe. Serkali ikakataza. Jumapili tarehe 16 Februari, baada ya Misa, watu walitoka katika parokia zao wakishika rozari, misalaba na matawi. Askari wakawapiga risasi. Makumi walikufa.

Je, damu yao ilimwagika bure? Hapana. Tarehe 6 Aprili mkutano ulifunguliwa tena. Na tarehe 31 Desemba 2017, walei wa Kinshasa walipotoka tena kudai uchaguzi, waliijua njia: wazazi wao walikwisha kuipita.