Miezi Tisa

Nimebakiza wiki tatu. Kazi yangu hapa Marekani ni msaidizi wa lugha: profesa anafundisha sarufi ya Kiswahili, mimi nakaa na wanafunzi kumi na mmoja tukizungumza, tukiagizana chai ambayo haipo na kupatana bei ya nyanya ambazo hazipo. Mkataba ni wa miezi tisa. Viza inanitaka nikimaliza nirudi nyumbani, na kwetu ni Newala.

Mwezi Februari, theluji ikiwa imefunga barabara, niliikuta Newala kwenye rafu ya maktaba. Ilikuwa ndani ya kitabu cha Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, kilichotoka mwaka 1908. Alice Werner, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa Kiswahili London, alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1909. Weule alizunguka Masasi, Newala na Mahuta katika nusu ya pili ya mwaka 1906. Analalamikia upepo na baridi ya Newala, nami nikacheka peke yangu pale maktaba. Aliyewahi kulala karibu na ukingo wa uwanda, juu ya lile bonde tunaloliita Shimo la Mungu, anajua kwamba hapo Mjerumani hakutia chumvi.

Mengine hayakunichekesha. Alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti kwenye nta na mashine ya picha za sinema. Akauliza habari za jando, unyago, ndonya na chale. Mwaka mmoja tu kabla yake vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita Masasi na misheni ya Waingereza kuchomwa moto. Kwa hiyo waliokaa mbele yake kumjibu walikuwa wanamjibu mgeni wa serikali iliyotoka kushinda vita, mgeni anayetembea na askari. Nikisoma jibu lolote katika kitabu hicho najiuliza kwanza aliyejibu alikuwa anamtazama nani.

Maswali nayo hayakufika moja kwa moja. Yalipita kwenye Kiswahili, yakapita kwa watu kama Nils Knudsen, Mnorwei aliyekuwa ameishi sana na wenyeji wa huko, ndipo yakamfikia mama wa Kimakonde.

Kiswahili hicho cha Wajerumani kilikuwa na walimu wake, na walimu hao walikuwa wenzangu wa kazi. Berlin palikuwa na Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1887, ambako maofisa wa makoloni walijifunza lugha kabla ya kupanda meli. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alifika hapo mwaka 1900 kuwa mwalimu msaidizi. Sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten ni kazi ya kalamu yake. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka 1905 akasafiri naye kurudi nyumbani. Walipofika Dar es Salaam serikali ya koloni ikakataa mke huyo mzungu wa mume mwafrika asishuke. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia huko mwaka 1927. Mimi viza inanilazimisha kurudi. Yeye alitaka kurudi, akazuiwa na serikali ambayo watumishi wake aliwafundisha kusema "karibu".

Kwetu kulikuwa na aliyetangulia kwenda na kurudi. Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwani akiwa mtoto, alisomeshwa na misheni Kiungani, Zanzibar, kisha akapelekwa kusoma Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 akawekwa Chitangali, upande wetu wa kusini, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kule Chitangali alihubiri kwa Kiyao, lugha ya kwao, kwa miaka kumi hivi kabla ya kurudishwa Zanzibar. Namwonea wivu kidogo, si kwa Canterbury.

Maana ukweli wangu ni huu. Wiki ya kwanza mwanafunzi aliniuliza lugha yangu ya mama ni ipi. Nikajibu Kiswahili, na sikudanganya. Wazazi walituzungumzisha Kiswahili ili tusije kuchekwa shuleni, na walikuwa na sababu, kwa sababu waliozungumza vingine walichekwa kweli. Bibi yangu mzaa mama anazungumza Kimakonde. Ninaelewa karibu yote anayosema na ninamjibu kwa Kiswahili. Nikitaka kumuuliza jambo zito, mama anakaa katikati yetu na kulipeleka.

Nilikuwa nimejaza kurasa nne za daftari nikimshitaki Weule kwa maswali yake ya kupitia watu ndipo hilo likanijia. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili, nitakaourudia Dar, unahusu kumbukumbu za wanawake wa Newala. Na mimi ningekwenda na kinasa sauti na mkalimani. Tofauti ni kwamba mkalimani angekuwa mama yangu.

Jumapili iliyopita nilipiga simu. Mama alikuwa kisimani, simu akaichukua bibi.

"Mjukuu wangu, unarudi lini?"

Hilo alilisema kwa Kiswahili, kwa kunihurumia. Nikajaribu kumjibu wiki tatu kwa Kimakonde, sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu asubuhi. Kukawa kimya. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akairudia ile sentensi polepole, akiinyoosha palipopinda.

"Haya, sema tena," akaniambia.

Nikasema tena.