Mahindi ya Mbwa

Ukitafuta mtandaoni vyakula ambavyo mbwa hafai kula, utapata orodha ile ile kila mahali: chokoleti, zabibu, makadamia, peremende zisizo na sukari. Mengi ni kweli. Chokoleti inamharibu mbwa moyo, na kitunguu kinavunja chembe nyekundu za damu yake. Lakini soma orodha hiyo ukiwa Cheptais, huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na utacheka kidogo. Nani huku anampa mbwa zabibu? Mbwa wa Cheptais anakula ugali. Anakula ukoko wa sufuria, maji yaliyooshea sahani, na siku ya bahati, mfupa. Kwa hivyo ukitaka kujua nini kimewaua mbwa wa Kenya, acha chokoleti, anza na mahindi.

Huku mavuno yanakuja mwisho wa mwaka, na mvua haiheshimu kalenda ya mtu. Mahindi yanaanikwa kwenye turubai, wingu likifunga kila mtu anakimbia kuyakunja, jua likitoka yanatandazwa tena. Bodi ya Nafaka inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 ndiyo iyapokee. Nyanya yangu hakuwa na kipimo. Alikuwa anauma punje kwa meno na kusikiliza inavyovunjika. Kisha alikaa chini na kuchambua mafungu matatu: ya kuuza, ya kula, na "ya mbwa." Hilo la mwisho lilikuwa la punje nyeusi, zenye ukungu wa kijani, zilizotobolewa na wadudu. Kusema kweli halikuwa la mbwa peke yake. Kuku walipata sehemu yao, na debe moja au mawili yalienda kwa mama mpika busaa. Lakini jina lilikuwa hilo, na karibu kila boma nililowahi kuingia lina jina kama hilo.

Sasa, mambo ya vitabuni. Sumu inayotengenezwa na kuvu la mahindi na njugu inaitwa aflatoksini; Watanzania wana neno zuri zaidi, sumukuvu. Historia yake kwa kawaida inaanzia Uingereza mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kula chakula chenye mashudu ya njugu kutoka Brazil. Wanasayansi walishtuka, wakatafuta, wakaipata sumu na kuipa jina. Mwaka huo huo hapa Kenya, maelfu ya vifaranga vya bata walikufa kwenye shamba moja la Bonde la Ufa kwa sababu ya chakula cha njugu.

Lakini mbwa walikuwa wametangulia. Mwaka 1952, madaktari wa mifugo kusini-mashariki mwa Marekani waliandika kuhusu mbwa waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa ini usiojulikana chanzo. Miaka mitatu baadaye walilisha mbwa wengine chakula kile kile kilichoshukiwa, na ugonjwa ukajirudia. Waliuita hepatitis X, yaani hawakuwa na jina lake. Ni baada ya kisa cha bata mzinga ndipo ilipobainika kwamba ilikuwa ni sumu ile ile. Bata mzinga walikuwa biashara kubwa ya Krismasi. Mbwa walikuwa mbwa tu.

Kenya ilipata zamu yake mwaka 1977 na 1978. Mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret, na chanzo kikawa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981, Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano. 12 kati yao walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yenye kuvu. Na kabla ya watu, wenyeji walikuwa wameona njiwa wakipungua, kisha mbwa wakifa. India nako, mwaka 1974, vijiji vya Rajasthan na Gujarat vilikumbwa na ugonjwa wa ini uliowaua zaidi ya watu 100, na mbwa waliokuwa wakila mabaki ya chakula chao walikufa pia. Halafu mwaka 2004 ikaja ile kubwa ya Ukambani: wagonjwa 317, vifo 125.

Ukizipanga tarehe hizo, unaona mbwa akija mbele karibu kila mara. Sababu haina uchawi. Ini la mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hii. Tena mwanadamu leo anakula ugali, kesho viazi, keshokutwa chapati. Mbwa anakula fungu lake la tatu kila siku hadi liishe. Na kupika hakusaidii, sumu inavumilia moto wa sufuria. Mbwa anaacha kula, anatapika, ufizi unakuwa wa manjano, na watu wanasema amepewa sumu na jirani. Nimesikia kesi za mbwa zikiwagombanisha majirani miaka na miaka, na hakuna aliyefungua gunia kuangalia.

Nitakuwa mkweli kuhusu mlima wetu: baridi ya huku inapendelea zaidi kuvu la aina nyingine, lile la waridi linaloitwa Fusarium, ambalo lina sumu zake. Joto la Ukambani ndilo nyumba hasa ya aflatoksini. Lakini gunia lenye unyevu ndani ya stoo isiyo na hewa linajitengenezea joto lake, hata Cheptais.

Na fungu la tatu halibaki kwa mbwa. Ng'ombe akilishwa, sumu inatoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo kidogo. Sheria ya Kenya inaruhusu mikrogramu 10 tu za aflatoksini kwa kilo ya mahindi ya kula watu, na Novemba 2019 shirika la viwango lilipiga marufuku unga wa kampuni tano kwa kuvuka hapo. Huo ni unga wa pakiti, wenye jina na anwani. Mahindi mabovu hayana anwani. Shuka soko la Chwele siku ya soko uone: yamemwagwa kwenye gunia pembeni, yanauzwa kwa gorogoro, bei ya chini kabisa, na mwuzaji akiulizwa atasema ni ya kuku au ya mbwa. Mwaka wa njaa yanaisha kabla ya saa nne asubuhi. Sijawahi kusikia mwuzaji akimuuliza mteja ana mbwa wangapi.