Upozaji wa injini ya boti

Upozaji wa injini ya boti ni njia ya kuondoa joto kwenye injini iliyofungwa ndani ya chombo kwa kutumia maji ya bahari, ziwa au mto. Maji huingia kwa tundu lililo chini ya boti, hupita kwenye valvu, chujio na pampu, huchukua joto, kisha kwa kawaida hutoka pamoja na moshi.

Kwa vyombo vya kisiwa cha Mafia (Tanzania), ukiwemo upande wa Kirongwe, suala hili ni muhimu, kwa kuwa mlangobahari kati ya kisiwa na bara hupokea matope ya mto Rufiji.

Kutafuta hitilafu

Maji yanayotoka yakipungua, mvuke ukizidi au geji ya joto ikipanda, injini huzimwa mapema, la sivyo gasketi huungua na chombo hubaki kikielea bila nguvu.

Ukaguzi hufuata njia ya maji tangu mwanzo:
- Tundu: huenda limezibwa na mwani au mfuko wa plastiki.
- Chujio: valvu hufungwa kwanza, ili maji yasijae botini, na hufunguliwa tena kabla ya kuwasha injini.
- Pampu: gurudumu lake la mpira likizunguka bila maji huharibika upesi, na vipande vyake huziba mabomba ya mbele. Vyote vitafutwe kabla ya kufunga gurudumu jipya.