Herufi Chini ya Picha: Manukuu ya Filamu katika Programu Huria

Wachunguzi wa historia ya maandishi ya kompyuta mara nyingi wameyapita manukuu ya filamu bila kuyatazama. Walakini mazungumzo yakisha kutafsiriwa, hapana budi yachorwe juu ya picha kwa sekunde mbili tatu tu, na namna yanavyochorwa ndiyo huamua kama lugha ya msomaji itasomeka.

Programu ya VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, ikatolewa kwa leseni huria mwaka 2001. MPlayer ilianzishwa Hungaria mwaka 2000. Ndani ya MPlayer ndimo ilimozaliwa, mwaka 2006, maktaba ya uchoraji iitwayo libass, ambayo baadaye iliingia katika VLC pia. Shabaha yake ilikuwa muundo wa ASS, uliopendwa na mashabiki wa katuni za Kijapani kwa rangi, vivuli na maneno yanayozunguka. Ajabu ni kwamba neno liliweza kuzungushwa angani kabla ya neno la Kiarabu kuweza kuungwa sawasawa.

Kosa lilikuwa la nadharia kuliko la ufundi. Ilidhaniwa kwamba kila herufi ina umbo moja, nayo hupangwa baada ya mwenziwe kutoka kushoto. Dhana hiyo yafaa kwa hati ya Kilatini, tena si daima: Kiyoruba huweka nukta chini ya irabu na alama ya toni juu yake, na alama hizo zisipowekwa mahali pake maana hupotea. Katika hati ya Kiarabu, iliyoandikiwa Kiswahili kwa karne kadhaa, umbo la herufi hufuata jirani zake. Dawa ya awali ilikuwa kuiwekea kila sura ya herufi namba yake. Lakini hati ya N'Ko, aliyoibuni Solomana Kanté mwaka 1949 na iliyoingizwa katika Unicode mwaka 2006, huungana vilevile na haikupewa namba za namna hiyo.

Mwaka 2011 libass iliandikiwa sehemu mpya ya kuunda maneno. FriBidi hupanga mwelekeo wa mstari. HarfBuzz huchagua umbo la herufi kwa kuzisoma kanuni zilizomo ndani ya fonti yenyewe. (Jina hilo limetungwa kwa Kiajemi, *harf* na *baz*, yaani herufi iliyo wazi, harf hiyo ndiyo asili ya herufi yetu.) Hivyo ujuzi wa hati ulihamia kwa mchora fonti.

Limebaki suala la fonti. Faili la Matroska laweza kuibeba fonti ndani yake. Faili la SRT ni maandishi matupu, na mashine isiyo na fonti ya N'Ko huonyesha visanduku vitupu pale palipokuwa na maneno.