Bunduki Zina Majina, Mkuki wa Otenyo Je?

Kuna watu Marekani na Ulaya wanaokusanya bunduki za zamani za kulenga shabaha, zile za risasi moja. Unafungua, unatia risasi, unafyatua, unaanza upya. Bei hupanda zaidi kama chuma kimechongwa nakshi: maua, paa, hata jina la mshindi wa mashindano. Mwenyewe atakutajia fundi na mji wake bila kufikiri.

Mimi na bunduki wapi na wapi. Lakini nilipotazama picha za hizo za shabaha nikakuta nyingi zina mtambo wa Martini, na nikashtuka. Watu wangu wa Kisii na Nyamira, hiyo tunaijua. Kwetu ilikuja bila maua.

Wazo lilikuwa la Mmarekani, Peabody. Friedrich von Martini akaliboresha kule Uswisi, na mtutu ukatoka kwa Alexander Henry wa Edinburgh, fundi aliyekuwa na sifa kwa bunduki za shabaha za matajiri. Jeshi la Uingereza likaichukua mwaka 1871. Mwaka 1888 wakapata ya kujaza risasi nyingi kwa mara moja, na zile kuukuu zikateremshwa makoloni. Ndiyo maana askari Waafrika wa KAR, miaka yao ya kwanza, walibeba bunduki za ukoo wa Martini. Mitumba, yaani.

Msafara wa kwanza wa kutuadhibu ulikuja 1905, ukiwa pia na bombomu la Maxim. Mikuki na ngao dhidi ya hiyo! Halafu Januari 1908 Otenyo wa Kitutu, akichochewa na nabii Moraa Ng'iti, akamchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Northcote hakufa, baadaye alikuwa hadi gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni Abagusii. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, na watu wakauawa kiasi kwamba hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alituma simu ya maandishi kuuliza kama kulikuwa na haja ya kuendelea kuua watu wasio na cha kujitetea. Churchill, jamani! Otenyo alikamatwa akauawa. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza.

Miaka sita baadaye ikaja risasi moja ya Mjerumani. Septemba 1914 kikosi chake kiliingia mji wa Kisii, na tarehe 12 KAR wakakishambulia. Askari wengi wa Kijerumani Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi: ukifyatua, wingu la moshi linakuanika mahali ulipo. Pande zote mbili zikaondoka. Mji ukabaki bila mwenyewe, wenyeji wakavunja maduka na ofisi, na serikali iliporudi ikawaadhibu tena. Vita haikuwa yao hata kidogo.

Sasa chukua Martini yoyote ya jeshi. Ubavuni imepigwa mhuri wa taji, herufi VR za Malkia Victoria, kiwanda na mwaka. Mkusanyaji anausoma kama kitambulisho, anajua ilizaliwa wapi na lini. Za nakshi ndizo zinawekwa kwenye kabati la kioo na kupanguswa mafuta.

Nilimuuliza sokoro wetu mmoja kule Kitutu mkuki wa Otenyo uko wapi. Akanyamaza kidogo. Akaniambia mikuki mingi ilifuliwa upya ikawa majembe na visu, na mingine iliozea kwenye paa la nyasi. Kisha akaniuliza mimi niliyesoma, hicho kichwa kimewekwa sanduku gani, na limeandikwa jina la nani.

Nilikuwa nimerekodi kwa simu, dakika 40 hivi. Kama kwenu kuna mzee aliyesimuliwa 1908 au 1914, mrekodi ukienda Krismasi. Na kama kuna mkuki darini, tafadhali usiuuze kwa mtu wa vyuma.