Kamera ilikuwa katoni: stori ya vifaa vya kujitengenezea, kutoka Uasin Gishu hadi Kaptembwo

Wasee, leo hakuna video. Leo nataka mkae msome, ju hii stori imenikaa kwa roho wiki mbili sasa na nikiikata iwe ya sekunde 60 itapoteza maana.

Ilianza hivi. Nilipata kazi ya kupiga picha birthday ya mtoto huku Kaptembwo. Nikabeba kamera yangu ya mitumba, flashi moja, na kile kisanduku changu cha kulainisha mwanga. Hicho kisanduku ni katoni ya unga. Ndani nimebandika foili ya kupikia, mbele nimefunika na kipande cha pazia nyeupe la bafu. Mwenye sherehe akaangalia katoni, akaniangalia mimi, akasema, "Kijana, mimi nilidhani nimeita mpiga picha."

Nilipiga picha. Zilitoka poa, mwanga laini kama wa dirishani asubuhi. Lakini siku ya kulipa akanipa nusu. Hiyo nusu ingine akasema ni ya ile katoni.

Jumamosi nikapelekea mbogi hiyo stori. Sisi ni watu saba hivi, tunakutana Nyayo Gardens asubuhi na mapema. Kuna fundi wa simu, kuna dere wa boda, kuna mwanafunzi wa sekondari, kuna mama mmoja anauza nguo na ndiye anatushinda wote kwa picha za ndege. Kila mtu huja na kitu amejitengenezea, tunajaribu, tunachekana, tunarudi nyumbani. Siku hiyo nikawaambia nimechoka, hiyo katoni natupa, nitakaa bila kupiga hadi nipate pesa ya kununua vitu vya dukani. Fundi wa simu akaniuliza tu swali moja: "Kwani unadhani kamera ilitoka wapi?"

Mimi niliacha chuo, lakini sikuacha kusoma. Nikaenda kutafuta. Haya ndiyo nilipata.

Kwanza, hilo neno lenyewe. Kamera ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Miaka 1000 hivi iliyopita, Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alieleza venye mwanga ukipita kwa tundu dogo na kuingia chumba chenye giza unachora ukutani picha ya vitu vya nje, juu chini. Hakuna lenzi hapo, hakuna betri. Ni giza na tundu. Ukichukua mkebe wa Kimbo ukautoboa na sindano, una kitu hichohicho alichokuwa akieleza.

Sasa ruka hadi 1900. Mwaka huo reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru. Mwaka huohuo, huko Rochester, Marekani, kampuni ya Kodak ilitoa kamera inaitwa Brownie. Bei ilikuwa dola 1. Kabla ya hapo kamera ilikuwa kitu cha matajiri na mafundi, lakini Brownie hata mtoto angetumia. Na unajua ilitengenezwa na nini? Katoni. Kweli kabisa. Kisanduku cha karatasi ngumu, juu yake kimevikwa ngozi ya bandia, mbele lenzi rahisi. Kitu kilicholeta picha kwa watu wa kawaida duniani kilikuwa boksi la karatasi. Niliposoma hapo nilitaka kumpigia yule mteja simu usiku huohuo.

Lakini stori iliyonishika zaidi ni ya hapa kwetu Rift Valley.

Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa kukausha wanyama wa kuwekwa kwa majumba ya makumbusho, na alikuwa mtu wa kuunda vitu. Safari yake ya 1909 hadi 1911 ilimfikisha nyanda za Uasin Gishu akiwa na kamera ya filamu. Alitaka kunasa wanaume wa Kinandi wakiwinda simba kwa mkuki. Si bunduki, ni mkuki na ngao. Wanamzunguka simba, simba anachagua mtu mmoja anamrukia, mikuki inatoka pande zote, imeisha. Ni sekunde chache tu.

Kamera za wakati huo zilikuwa mbao nzito juu ya miguu mitatu. Kuigeuza upande kulikuwa na mpini wake, kuiinua kulikuwa na mpini mwingine, na filamu yenyewe unaizungusha kwa mkono. Hiyo ni mikono mitatu, na binadamu ana miwili. Kabla Akeley aelekeze lenzi, simba amelala na Wanandi wameshaanza kuimba. Alijaribu, akashindwa.

Aliporudi Marekani hakulalamika kwamba Wanandi wana haraka. Alikaa chini akaunda kamera yake mwenyewe. Aliipatia hati miliki 1915. Ilikuwa ya duara, kwa hivyo wenzake waliiita jina la ile chapati nene ya Wamarekani. Mimi naiita kamera ya chapati. Uliweza kuigeuza juu, chini na kando kwa mkono mmoja, bila kushtuka, huku mkono mwingine ukizungusha filamu. Jeshi la Marekani liliitumia Vita vya Kwanza vya Dunia. Robert Flaherty alibeba kamera hizo Kanada akapiga Nanook of the North, filamu iliyotoka 1922. Wapiga habari waliitumia, Hollywood iliitumia.

Fikiria hiyo. Kamera iliyosaidia kubadilisha sinema ya dunia ilizaliwa kwa aibu ya Uasin Gishu. Ilizaliwa ju kuna vijana wa Kinandi walikuwa wepesi kuliko mashine.

Na hapa ndipo ninauma kidogo. Jina la Akeley tunalijua. Kampuni ilikuwa na jina lake, na makumbusho ya New York yana ukumbi mzima wenye jina lake. Wale wanaume wa mikuki, ambao kasi yao ndiyo ilikuwa mtihani wa hiyo kamera, mimi sikukuta jina hata moja katika stori nilizosoma. Na wao pia walikuwa na vifaa vya kujitengenezea. Mkuki wa Kinandi ulitoka kwa mhunzi wa pale karibu, ngao ilitoka kwa ngozi ya nyati. Vifaa vyao vilifanya kazi siku hiyo. Cha mgeni ndicho kilikataa.

Mwaka 1926 Akeley alirudi huku Afrika Mashariki, na safari hiyo alikuja na George Eastman. Eastman ni nani? Ndiye mwanzilishi wa Kodak, mwenye ile Brownie ya katoni. Mwenye boksi na mwenye chapati safari moja. Akeley alifariki mwaka huohuo, huko milima ya Virunga, Kongo.

Sasa mtaniambia, hao ni wazungu wenye pesa, sisi je? Haya, twende barabarani.

Kabla ya dijitali kulikuwa na kamera ya boksi ya barabarani. Brazil ilikuwepo, Afghanistan ilikuwepo, na miji mingi ya Afrika. Ni sanduku la mbao ambalo fundi wa kawaida anaweza kupiga. Mbele lenzi, nyuma mkono wa nguo nyeusi wa kuingiza mkono bila mwanga kuingia. Ndani ya hilohilo sanduku kuna karatasi ya picha na vibakuli viwili vya dawa. Mpiga picha anakupiga, anaosha karatasi ndani kwa ndani bila kuona, kwa kupapasa, anatoa picha ya kinyume, nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Halafu anaiweka kwa ubao mdogo mbele ya lenzi, anaipiga tena, na sasa inatoka vizuri. Studio na maabara kwa sanduku moja. Ukiwa na haraka ya picha ya makaratasi ya serikali, huyo ndiye mtu wako.

Na Mohamed Amin je? Mzaliwa wa Nairobi wa 1943, amekulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie akiwa bado mtoto. Alifungua Camerapix Dar 1963. Picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 ziliamsha dunia nzima. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. John Mathai, aliyekuwa naye akirekodi sauti, akafa. Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wangapi wetu wangeweka kamera chini hapo? Yeye alitengenezewa mkono wa bandia unaoweza kushika kamera, akarudi kazini, hadi 1996 alipokufa kwa ile ajali ya ndege iliyotekwa ikaanguka Comoro. Kama mkono wenyewe unaweza kuundwa, mimi na katoni yangu ni nani tuone haya?

Lakini sitaki kuwadanganya na stori tamu. Akeley hakushinda kwa sababu alikuwa na akili kuliko fundi wa Bondeni. Alikuwa na makumbusho nyuma yake, karakana, na miaka ya kujaribu. Fundi wa Bondeni ana asubuhi moja na kodi ya nyumba inangoja. Hiyo ndiyo tofauti. Na kwa sababu hatuna karakana ya makumbusho, karakana yetu ni kuambiana. Ndiyo maana huwa naudhika mtu akigundua kitu halafu anakificha kama siri ya uganga.

Nitawapa mfano. Mwaka jana nilitengeneza traipodi ya uzi. Unafunga uzi kwa bolti, bolti inaingia chini ya kamera, unakanyaga uzi na kuvuta juu, mkono hautetemeki. Nikaenda hadwea nikachukua bolti ya M6 ju ilionekana sawa. Si sawa! Tundu la kamera ni la robo inchi, hiyo ni milimita 6.35. M6 ni 6 kamili. Inaingia, inashika kidogo, halafu inakula nyuzi za ndani. Kamera yangu ilianguka kwa mawe pale Menengai, na lenzi ikapata mkwaruzo ambao ninao hadi leo. Kuna msee kwa mbogi alikuwa ashaharibu yake hivyohivyo mwaka uliopita. Hakusema, aliona aibu. Aibu yake ilinigharimu lenzi. Kwa hivyo ninasema mimi: itisha bolti ya robo inchi, na uijaribu kwa vidole kwanza, usilazimishe.

Mfano wa pili ndio ulinifanya niandike haya yote. Januari, dere wetu wa boda aliuza kamera yake kulipa kodi. Akaacha kuja. Tulijua ni aibu, si shughuli. Mzee mmoja aliyefunga studio zamani alikuwa ametuachia pakiti ya karatasi za picha zilizopitwa na muda. Fundi wa simu akatoboa mkebe wa Kimbo, akaupaka rangi nyeusi ndani, akampelekea steji.

Dawa ya kuoshea? Hapa mtapenda. Mwaka 1995, darasa moja huko Rochester, mji uleule wa Kodak, liligundua kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na soda ya kufulia inaosha picha. Ukiongeza vitamini C inafanya haraka zaidi. Soda ya kufulia ni sodiamu kaboneti, na hiyo ndiyo inachimbwa Ziwa Magadi, Rift Valley yetu hii, na kampuni ilianzishwa 1911. Ziwa letu limejaa dawa ya picha, na kahawa tunalima wenyewe. Dawa ya kukaza picha ndiyo bado lazima ununue, la sivyo ukiitoa kwa mwanga inageuka nyeusi. Na tumia glavu, na usirudishe hicho kibakuli jikoni, tafadhali.

Dere aliweka mkebe juu ya ukuta wa steji dakika kadhaa. Tulipouosha ikatoka picha: barabara tupu, ju kila gari na kila mtu aliyepita alikuwa anatembea, mkebe haukumshika. Kitu pekee kilichobaki ni pikipiki yake, imesimama, inangoja mteja. Aliiangalia muda mrefu. Jumamosi iliyofuata alikuja.

Kwa hivyo katoni sitatupa. Nilichobadilisha ni kitu kimoja: sasa naonyesha mteja picha zangu na tunaelewana bei kabla sijafungua begi. Unalipia picha. Ikiwa mwanga umetoka kwa katoni ya unga au kwa mashine ya elfu hamsini, hiyo ni siri yangu na flashi yangu.

Jumamosi tuko Nyayo Gardens, saa moja asubuhi. Kuja na kitu umeunda, hata kama kilikataa. Hasa kama kilikataa. Tuambie ni wapi kilikatalia, ndio mwingine asiangushe lenzi yake Menengai.